Herufi Iliyodondoka

Saa saba mchana, daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya stendi kuu huwa halipitiki. Watu wanapanda, watu wanashuka, na katikati wachuuzi wametandaza turubai zao kana kwamba daraja wamerithishwa na babu yao. Kuna wa soksi, kuna wa chaja, kuna wa miwani. Karibu na ngazi ya pili alikuwepo wa vitabu, mwanamume wa makamo anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mbele yake siku hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la buluu lenye kola nyeupe, ameinua kitabu juu kama mtu aliyemkuta kuku wake kwa jirani.

"Hiki umekipata wapi?"

"Dada, hapa tunauza, hatutoi historia. Unanunua?"

"Nakuuliza umekipata wapi."

"Kwa mwenye nacho."

"Mwenye nacho ni mimi. Mimi ndiye niliyekiandika."

Mchuuzi alimtazama kuanzia viatu mpaka kwenye nywele zilizosukwa na kufungwa nyuma, kisha akatabasamu kwa upole wa kuudhi. "Hata mimi nikishinda na njaa huwa nasema hili daraja nimelijenga mimi."

Wapita njia wakacheka. Mwandishi akahisi macho yanamuuma. Miaka saba alikiandika kitabu kile, kimetoka dukani miezi minne tu, na sasa kilikuwa chini ya miguu ya watu, kimevikwa jalada lisilo lake, lenye picha ya mwanamke anayelia ambaye hakuwemo hata katika ukurasa mmoja. Juu yake pameandikwa jina la kitabu, *Kiti Karibu na Mlango*. Jina la mwandishi hawakujisumbua kuliweka.

"Kaka, nifungie hicho," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Nimekinunua. Sasa ni changu, nami nampa dada. Ugomvi umekwisha."

"Huwezi kuninunulia kitabu changu mwenyewe," mwandishi akasema bila hata kugeuka.

"Basi nishikie tu mpaka tushuke ngazi. Mimi nina mikono miwili tu, na yote inatetemeka."

Hapo ndipo alipogeuka. Alimwona mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata, na vidole virefu ambavyo kweli vilikuwa vikitetemeka. Akacheka bila kutaka. Kicheko kile ndicho kilichowaponza wote wawili.

Mimi sina tabia ya kumficha msomaji. Vidole vile vilikuwa na sababu ya kutetemeka. Mwenye vidole alikuwa fundi wa kuchapa, mwenye kiduka nyuma ya stendi, kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Aliwachapia watu barua za kuomba kazi, kadi za mialiko na ratiba za mazishi. Mwezi mmoja kabla ya siku ile, mtu wa sokoni alimletea kitabu kilichochanwa jalada na kurasa za mwanzo. "Fotokopi yake inatoka hafifu," akamwambia, "herufi zake ndogo mno. Nichapie upya, herufi kubwa, kurasa zote." Fundi hakuuliza cha nani. Alikuwa na msemo wake wa kujifariji: mimi ni vidole tu, kichwa ni cha mwenye kazi. Akachapa siku sita. Siku ya sita alilia juu ya kibodi, mtu mzima, akafunga pazia ili kinyozi asimwone.

Kwa hiyo pale darajani, mwanamke aliposema "mwenye nacho ni mimi", fundi alijua aliyesimama mbele yake ni nani. Mwandishi hakujua lolote.

"Wewe unafanya kazi gani?" alimuuliza walipofika chini.

"Nachapa," fundi akasema. "Barua, kadi, vitu vya watu."

Hakusema uongo. Lakini ukweli nao hakuumaliza.

*

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu, kama ya wengi siku hizi. Mchana mwandishi alikuwa gazetini, msahihishaji wa matangazo, kalamu nyekundu mkononi kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, akirekebisha vifo, zabuni na viwanja vinavyouzwa. Tabia ya kazi ilikuwa imemwingia kwenye damu. Ujumbe wake wa simu ulikuwa na herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, hata ule wa "Nakupenda." Fundi akambatiza Mama Nukta.

"Mama Nukta, mbona leo hujaniandikia?"

"Nilikuwa na wafu kumi na wanane wa kusahihisha."

"Ukimaliza wafu, mkumbuke na aliye hai."

"Aliye hai amekula?"

"Aliye hai hali bila kusikia sauti yako, laazizi."

"Muongo. Nasikia unatafuna."

Upande wa fundi, ujumbe ulikuwa na tatizo moja, nalo ni herufi H. Nyumbani alikokulia, H haikuwahi kupewa mahali pa kukaa. Mama yake aliita hewa "ewa", na embe akaliita "hembe", na mtoto akafuata mkumbo. Mdomoni jambo hilo lilipita, kwenye maandishi likawa balaa. "Abari za hasubuhi, mpenzi. Hasante kwa jana." Mwandishi alikuwa akisoma mambo hayo kwenye basi na kucheka peke yake, mtu aliyelipwa kwa kukamata makosa akiyafurahia haya kwa moyo wote.

Siku moja mzaha uliwatokea puani. Mawingu yalikuwa mazito, na fundi alimpigia simu dereva wa teksi anayemfahamu aende kumchukua mwandishi kazini. Kisha akamwandikia: "Dereva hatakuja kukuchukua saa kumi." Mwandishi akausoma kama ulivyoandikwa. Saa kumi kasorobo akatoka kwa miguu, mvua ikamkuta njiani, gauni likagandamana na mwili, kola nyeupe ikawa ya kijivu. Dereva akasubiri getini nusu saa nzima.

Alifika dukani kwa fundi maji yakimchuruzika.

"Umeniandikia dereva hatakuja."

"Ndiyo, hatakuja. Amekuja, hukumwona?"

"Njoo hapa, bwana mkubwa. Kaa." Akachukua karatasi, akaandika neno moja mara mbili. "Hili hapa, atakuja. Maana yake yuko njiani, pika. Hili, hatakuja. Maana yake funga mlango, lala. Tofauti ni nini?"

Fundi akakaza macho. "Hiyo ya mbele."

"H ni komeo. Ukiitia mbele, umefunga mlango. Ukiitoa, umefungua. Usichezee komeo la watu."

"Kumbe herufi moja ina nguvu hivyo," fundi akasema, na sauti yake ilishuka ghafla. Alikuwa anakumbuka kitu. Alitazama rafu ya juu, lilipokaa faili la kazi za zamani, akayaondoa macho haraka. Mwandishi alidhani ni haya za kukosolewa. Akamvuta sikio na kumwambia atamfundisha mpaka aive, naye fundi akamfuta nywele kwa taulo, taratibu, kama anayeomba msamaha.

Alitaka kumwambia jioni ile. Alitaka kumwambia kila siku. Lakini kila siku mwandishi alikuja na habari mpya za kukatisha tamaa, na fundi akaona afadhali leo apumzike, kesho nitasema.

Kwa maana mwandishi alikuwa anahangaika. Alikwenda ofisi ya haki za waandishi, akapokewa na ofisa mpole mwenye tai fupi, akapewa fomu ya kurasa nne.

"Mshitakiwa ni nani?" ofisa akauliza.

"Simjui. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi tunamshitaki nani, dada yangu, upepo?" Akaifunga fomu kwa huruma. Kisha akainama na kunong'ona: "Lakini kile kitabu, mke wangu amenitumia kwenye simu. Tumekisoma nyumba nzima. Sehemu ya pili lini? Maana yule baba si anarudi?"

"Kisome mpaka mwisho."

"Nimekisoma mpaka mwisho."

Mwandishi akamwona mzembe wa kusoma, akaondoka. Mchapishaji wake naye, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwonyesha maboksi yaliyojaa ukutani. "Toleo la pili halipo, mwanangu. Nani anunue kisima wakati maji yanapita mlangoni bure? Kuwazuia hawa ni kukinga mvua kwa ungo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwishalowa zamani.

"Nifanyeje?" mwandishi alimuuliza fundi siku hiyo kwenye simu. "Niambie tu, nifanyeje? Kila ninapogusa hakuna kitu cha kushika."

Fundi alifunga pazia la duka, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nipo," akasema. "Niko hapa, mpenzi. Sina la kukwambia, lakini nipo."

*

Sasa nikueleze kuhusu kiti, maana bila kiti hutajua kwa nini mwanamke huyu alikonda kwa ajili ya karatasi.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, baba yake alitoka nyumbani kupeleka saa kwa fundi saa. Alisema, "Narudi sasa hivi." Hakurudi. Hawakupata maiti, hawakupata barua, na habari za kuonekana kwake zilipokuja zilikuwa za watu wanaotaka kupewa soda. Mama aliweka kiti chake karibu na mlango, mto wake juu, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia. Mtoto alikua akikizunguka kiti kile. Ndipo akaandika kitabu, na kitabu kizima, kurasa mia mbili na kumi, kilikuwa kinatembea kuelekea neno moja la mwisho. Mke wa kwenye hadithi anakaa kwenye kiti cha mumewe kwa mara ya kwanza, anatazama barabara, na kusema neno lile peke yake: "Hatarudi."

Kilipotoka, mwandishi alimsomea mama yake kwa sauti, kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na macho ya mama yamechoka. Alipofika kwenye neno lile alilisema taratibu. Mama alikwenda kulala. Asubuhi yake mwandishi aliamka akakuta mlangoni peupe. Kiti kilikuwa uani, na mama amekikalia, anachambua maharage. "Kumbe ni kizuri," mama akasema. "Kina mgongo mzuri." Mwandishi alikwenda bafuni kulia. Zawadi kubwa kuliko ile hakuitaka kwa kitabu chochote.

Kwa hiyo fikiria mwenyewe, Jumamosi moja, mwandishi anarudi kutoka sokoni na kukuta kiti kiko mlangoni. Mto umefuliwa.

"Mama, hiki kimerudije hapa?"

"Nimekirudisha." Mama alikuwa kwenye mkeka, gauni lake la maua, kitabu mapajani. "Jirani ameniletea kitabu chako. Hiki kina herufi kubwa, nasoma mwenyewe bila kusumbua mtu. Nimekimaliza leo."

"Mama, hicho ni cha wizi."

"Cha wizi au si cha wizi, maneno si yako?" Mama akafungua ukurasa wa mwisho na kuweka kidole. "Soma. Atarudi. Wewe uliponisomea ulisema hatarudi. Nimekaa nikajiuliza, kwa nini mtoto anisomee sivyo? Nikasema labda uliogopa kunipa tumaini. Lakini hapa umeandika mwenyewe."

"Ni kosa, mama. Herufi imedondoka. Ngoja nikuletee changu."

Akaleta chake. Mama alikishika, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu, akamrudishia.

"Chako wewe kipo kimoja. Hiki anacho jirani, anacho muuza maziwa, anacho mke wa mchungaji, wote wanasema atarudi. Sasa watu wote hao wamekosea, uliyepatia ni wewe peke yako?"

"Lakini mama, mwandishi ni mimi."

"Najua, mwanangu," mama akasema kwa upole, na akanyoosha mkono kuuweka mto vizuri.

Mwandishi alichukua kile cha herufi kubwa. Hakuwahi kufungua nakala kama hiyo tangu siku ya darajani, roho yake ilikataa. Sasa alikisoma kama anavyosoma matangazo, mstari kwa mstari, akitafuta makosa. Hayakumchosha kutafuta. "Hasubuhi ile." "Alivaa koti hambalo." "Ewa ilikuwa nzito." Alipofika kwenye hiyo "ewa" akasimama. Akatoa simu kwenye pochi. Ujumbe wa asubuhi ile ile ulikuwa bado juu: "Leo ewa nzuri, Mama Nukta, tutembee."

Kila mtu ana mwandiko wake, hata anayeandika kwa mashine. Mwandishi alikaa chini, kwenye sakafu, karibu na kiti kisichokaliwa.

*

Fundi alipomwona akiingia dukani na kitabu kile mkononi, alizima mashine. Hakujaribu kutabasamu.

"Soma hapa," mwandishi akasema.

"Atarudi."

"Mimi niliandikaje?"

"Sasa najua. Tangu siku ile ya mvua, uliponifundisha."

"Na kwamba kitabu ni changu ulijua lini?"

"Darajani. Uliposema mwenye nacho ni mimi."

"Miezi mitatu, fundi. Umenifuta nywele. Umenisikiliza nalia kwenye simu, unaniambia nipo, nipo."

"Kila siku nilisema kesho. Nikikuona unacheka nasema acha acheke leo. Nikikuona unalia nasema nisimwongezee."

"Niambie jambo moja tu, na ukinidanganya nitajua. Hiyo H uliidondosha kwa kutojua, au uliitoa?"

Fundi aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Ningekuwa najua ningekwambia. Nilipofika pale machozi yalikuwa yamejaa, sioni vizuri. Nilikuwa nimekaa na yule mama siku sita. Nilitaka mumewe arudi. Vidole vikaandika, nikafunga kazi. Sijui kama ni ujinga wangu ule ule, au ni moyo ulioandika. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Laiti angesema ni ujinga. Ujinga mwandishi angeusamehe, ni kazi yake kuusahihisha. Lakini mtu anayetaka baba wa mtu arudi, huyo unamfanya nini?

"Basi kifute," akasema.

"Hakifutiki. Nilimwendea yule wa sokoni, akanicheka. Ameshawapa wengine, na wengine wamewapa wengine. Kipo kwenye simu za watu nisiowajua. Nilichapa upya chenye H, nikakisambaza. Wakanirudishia kile cha zamani, wananiambia hiki ndicho sahihi, kaka, hicho chako kimekosewa."

Mwandishi akacheka kicheko kibaya. Asubuhi ile ile mchapishaji alikuwa amempigia: wasomaji wawili walionunua kitabu halisi wamekirudisha, wakidai ni bandia kwa sababu mwisho wake sio.

"Kuna mwanamke mzima amerudisha kiti mlangoni kwa sababu ya vidole vyako," akasema. "Mwanamke huyo ni mama yangu. Yule baba ni baba yangu. Nilimtoa mama mlangoni kwa miaka saba ya kuandika, wewe umemrudisha kwa herufi moja."

Fundi alinyoosha mkono kukipokea kitabu. Mwandishi hakumpa.

"Usije tena kwangu," mwandishi akasema. "Na hiyo haina H, kwa hiyo usijidanganye kwamba hujaielewa."

*

Wiki tatu zilipita bila simu. Mwandishi alisahihisha wafu wake. Jioni alimkuta mama ameketi kwenye mkeka akitazama barabara, na mara mbili alimkuta amepakua sahani ya tatu. Alisema, "Mama, sisi ni wawili." Mama akajibu, "Chakula hakimwozei mtu." Mwandishi alifunua kitabu chake akasoma mwisho wake kwa sauti tena, mara mbili, mara tatu. Kilikuwa kimegeuka kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mji mzima, na hata masikioni mwake mwenyewe kilianza kusikika kama kosa.

Siku moja mchana, darajani, mchuuzi wa kofia ya sufu alimwita.

"Dada mwenye kitabu. Siku hizi nakuamini. Kuna mwendawazimu anatuharibia mali, anasema ametumwa na ukweli."

"Mwendawazimu gani?"

"Yule yule aliyekununulia. Anapita kila turubai na kalamu. Anaomba kwa adabu, akikataliwa anapiga magoti hapa, watu wanajaa. Anafungua kitabu, anaandika herufi moja, anafunga, anakwenda kwa mwingine. Wenzangu wa kule stendi walimsukuma mpaka akaanguka. Kesho yake akarudi na kalamu nyingine."

Mwandishi akachukua kitabu cha juu, akafungua mwisho. Mbele ya neno kulikuwa na H ya wino wa buluu, imesimama wima, nadhifu. Akafungua cha pili. Ipo. Cha tatu, ipo. Cha nne alishika ukurasa akashindwa kuiona, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Lakini dada," mchuuzi akasema kwa sauti ya chini, "hivi ni vya kwangu tu. Vya kwenye simu ataviandikaje?"

Nyumbani alimsimulia mama. Hakukusudia, maneno yalitoka yenyewe: daraja, mvua, komeo, kalamu. Mama alisikiliza huku amekunja miguu.

"Alikuja hapa," mama akasema.

"Nani?"

"Huyo fundi wako. Juzi, wewe ukiwa kazini. Shati jeupe, mpole, ana kovu bichi hapa kwenye paji. Akasema, mama, nimekosea kitu kwenye kitabu chako, naomba nikirekebishe. Nikampa kitabu. Akakifungua, akatoa kalamu, akaniangalia. Akakiangalia kiti. Akaniangalia tena." Mama akageukia kiti. "Akairudisha kalamu mfukoni. Akasema, mama, nisamehe, hiki siwezi. Akaondoka analia. Kitu gani alishindwa?"

Mwandishi alikijua. Yeye mwenyewe alikuwa na kalamu nyekundu kwenye pochi wiki tatu nzima, na kitabu cha mama kilikuwa pale pale juu ya meza. Hakukigusa.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena akiwa anavaa viatu.

*

Duka lilikuwa limefungwa. Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa za stendi, kinyozi jirani alikuwa akikung'uta kitambaa chake, na kwenye mlango wa fundi palikuwa pamebandikwa karatasi moja, wino wa buluu, herufi kubwa:

FUNDI HATARUDI.

Mwandishi aliisoma mara ya kwanza kama msahihishaji, mara ya pili kama mwanamke.

"Shikamoo," akamwambia kinyozi. "Huyu amekwenda wapi?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu. Alibandika asubuhi, akafunga, akapita na begi lake."

"Begi kubwa?"

"Begi." Kinyozi akaonyesha kwa mikono, ikawa saizi ya mtu anayekwenda kulala siku mbili, au ya mtu asiye na vitu vingi duniani.

"Hakukuambia anarudi lini?"

"Sikumuuliza. Nimesoma tu, kama wewe."

Angekuwa fundi wa zamani, mambo yangekuwa mepesi. Fundi wa zamani aliandika "dereva hatakuja" na dereva akaja. Neno hili kwa mkono wake lingekuwa na maana ya kheri: atarudi, subirini, wateja wangu. Lakini fundi huyu alikuwa ameandika H moja moja, wiki tatu, turubai kwa turubai, mpaka akaanguka na kuumia. Alikuwa amefundishwa. Na mwishoni mwa neno, yeye aliyembatiza mwenzake Mama Nukta, alikuwa ameweka nukta.

Aliyemfundisha alisimama mbele ya komeo. Akapiga simu tena, haipatikani. Akaisoma karatasi tena. Akaanza kuitetea: huenda alikuwa na haraka, huenda mkono ulizoea kuandika H tu siku hizi, ukaiweka hata pasipotakiwa. Huenda. Alijisikia anavyosema, na akaijua sauti ile. Aliisikia nyumbani miaka ishirini na miwili.

Akafungua pochi, akatoa kalamu nyekundu. Akatazama kulia na kushoto kama mwizi. Kisha akaikata ile herufi ya kwanza, mstari mmoja uliolala, kama anavyokata makosa ya watu kila siku.

Kinyozi alimsogezea kigoda bila kuuliza. Akaketi. Simu ikalia, akaikamata kwa mikono miwili, lakini alikuwa mama.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Dukani kwa fundi, mama. Sijamkuta."

"Ameacha neno?"

"Ameacha karatasi mlangoni."

"Inasemaje?"

Mwandishi aliinua macho. Chini ya wino mwekundu, ile H ya buluu ilikuwa bado inaonekana.

"Inasema atarudi."

Kwenye simu alisikia mama akivuta pumzi, na kwa mbali, gari likipita mbele ya nyumba yao bila kusimama.

"Basi kaa usubiri," mama akasema. "Utazoea."